Barua ya Wazi kwa Mkurugenzi wa Vipindi: Kiti Changu Kimepata Kazi, Mimi Nimeachwa Mkekani

Kwako Ndugu Mkurugenzi wa Vipindi,
Kituo cha Televisheni (jina nalihifadhi, wenyewe mnajijua),
Dar es Salaam.

YAH: TAMTHILIA YENU YA MTU WA DIRISHANI ILIYOPIGWA MIKINDANI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Salaam kutoka Mtwara. Kabla ya kuandika hadharani nimepita kote ninakopaswa kupita. Mwezi wa kwanza nilimwandikia mratibu wenu barua ya mkono, nikaituma kwa basi, na risiti ya kifurushi ninayo. Nimepiga simu mapokezi mara nne. Mara ya nne dada wa pale alinitambua kwa sauti, akaniambia, "Kaka yangu, mkubwa yuko kwenye kikao," na shida yangu nilikuwa sijaitaja. Ujumbe niliokutumia mwenyewe kwa WhatsApp una tiki mbili za bluu tangu mwezi wa nne. Maana yake umesoma. Basi nakuandikia mbele ya watu walioitazama tamthilia hiyo, na huku kwetu ni karibu kila mtu. Siku ya sehemu ya kwanza, banda la video la jirani liliahirisha mpira. Anayejua mabanda ya Mtwara atapima mwenyewe uzito wa jambo hilo.

Mimi ni fundi simu, nafanyia kazi barazani kwetu Mikindani. Nina miaka 41. Mnazi ulinitupa nikiwa na miaka 19, na tangu hapo natumia kiti mwendo.

Niseme mapema kwamba sina ugomvi na kutengeneza upya filamu ya zamani. Hadithi nzuri haichakai kwa kusimuliwa tena. Na hii mliyoichagua ninaijua vizuri, pengine kuliko waliowauzia wazo. Rear Window (Dirisha la Nyuma) ya mwongozaji Alfred Hitchcock ilitoka mwaka 1954. Mpiga picha wa magazeti, aliyeigizwa na James Stewart, amevunjika mguu, amefungwa hogo, anashinda mbele ya dirisha. Joto la New York limewafanya majirani waache madirisha wazi, naye anawaona wote: mcheza dansi, mtunga muziki, maharusi walioshusha pazia, mwanamke mpweke anayeandaa meza ya watu wawili na kula peke yake. Na yupo mchuuzi aitwaye Thorwald, ambaye mkewe mgonjwa siku moja haonekani tena.

Mwaka 1998 kituo cha ABC cha Marekani kikaitengeneza upya kwa ajili ya televisheni. Safari hii kitini alikaa Christopher Reeve, yule Superman wa mwaka 1978. Mei 1995 farasi alimrusha akavunjika shingo. Hakuwa anaigiza kupooza. Alikuwa amepooza kuanzia shingoni kwenda chini, na alipumua kwa mashine. Yeye farasi, mimi mnazi.

Sitasema toleo lile linaishinda ya Hitchcock. Haliishindi hata kidogo, kuna mahali linapwaya kama suruali ya kuazima. Lakini lina kitu ambacho filamu ya 1954 haina. Mguu wa Stewart utapona, hogo litakatwa, atarudi kazini. Reeve hana cha kungoja. Mpira wa hewa ukichomoka tu, mtazamaji anajikuta anavuta pumzi kwa niaba yake, na muuaji hata hajafika. Waigizaji wenzake wa Marekani walimpa tuzo ya chama chao kwa kazi hiyo. Mlipotangaza kwamba mnatengeneza toleo la Kiswahili, Mikindani, nilidhani ndiyo njia mliyoshika.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Nafasi ya mwenye kiti

Novemba, msimu wa korosho umekolea, tangazo lenu lilizunguka kwenye makundi ya simu ya Mtwara mjini. Anatafutwa mwanaume wa miaka 30 hadi 45, mwenye ulemavu wa miguu, mwenyeji wa Kusini, anayejua kuigiza. Nikalisoma mara mbili. Michezo ya jukwaani nimeicheza tangu sekondari, na baada ya ajali nimeendelea na kikundi chetu hapa, tunaitwa kwenye mikutano na sherehe. Nikapiga pasi shati, nikapanda bajaji mpaka mjini, kiti kimefungwa kamba nyuma.

Usaili wa watu wenye ulemavu wa miguu mliuweka ghorofa ya pili. Lifti hakuna.

Vijana wawili wa bodaboda walitaka kunibeba. Nikawashukuru nikakataa, sikutaka kufika mbele ya waamuzi nikiwa nimeninginia. Dada mratibu akashuka na simu yake, akanirekodi pale pale chini ya ngazi, nyuma yangu mama muuza vitumbua akivutana na mteja juu ya chenji. Nikasema maneno niliyopewa. Katikati ya maneno yule mama alinyamaza, na mteja wake pia. Nilipomaliza dada akafuta jicho: "Anko, umeniliza. Tutakupigia."

Mkanipigia kweli, baada ya wiki mbili. Mlitaka kukodi kiti.

Shilingi 15,000 kwa siku, siku 3. Nikakubali kwa sababu nilidhani kiti kinatangulia, mwenyewe nitafuata. Siku 3 zikawa 11. Siku zote hizo nilikaa kwenye mkeka, mdogo wangu ananibeba kwenda msalani kama gunia la korosho, wateja wanainama kunipa simu zao. Kiti kiliporudi, gurudumu dogo la kulia lilikuwa linalia kwa mchanga ulioingia kwenye beringi, spoki 4 zimepinda, na mgongoni mwa kiti pamebandikwa karatasi yenye jina la mwigizaji wenu mkuu. Ni kijana mwenye miguu miwili mizima. Sina neno naye, alinisalimia kwa adabu na ana sauti nzuri.

Mtasema kuigiza ni kuigiza, anayecheza maiti hafi kwanza. Nakubali. Ila tangazo mliliandika nyinyi, mimi sikujipeleka. Mtasema jina kubwa ndilo linaloleta watazamaji na wadhamini, hata huyo Reeve alikuwa nyota kabla hajaanguka. Hilo nalo ni kweli, lakini kama ni lazima nyota aanguke ndipo mwenye kiti apate kazi, tutangoja sana. Na majina makubwa hayashuki na mvua, mnayatengeneza nyinyi kwa kuyaonesha kila jioni saa tatu.

Ipo pia Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010, inayomtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 na kuendelea kuhakikisha angalau asilimia 3 ni watu wenye ulemavu. Najua mtaniambia mwigizaji wa mkataba si mwajiriwa. Haya. Mko wangapi katika kituo kizima, na wenzangu ni wangapi?

2. Mchanga, breki na kidole

Sehemu ya pili, shujaa wenu anajisukuma kutoka mlangoni mpaka ufukweni kama anateleza kwenye vigae. Mchanga wa Mikindani, Ndugu Mkurugenzi! Magurudumu madogo ya mbele yakiugusa tu yamezama. Mwenye kiti anayejua shida zake anageuka, anakwenda kinyumenyume ili makubwa yatangulie, au anamwomba mtu amnyanyulie mbele. Baadaye anahama kutoka kitini kwenda kitandani bila kufunga breki. Mimi nikifanya hivyo mnaniokota sakafuni.

Halafu sehemu ya tatu. Kwa jirani inapigwa singeli, kamera iko chini kabisa usawa wa miguu, na kidole gumba cha mguu wa kushoto cha mtu aliyepooza kinafuata mdundo. Bandani palilipuka. Mtoto mmoja wa mbele akapiga kelele: "Kapona!" Tangu usiku ule nikipita sokoni naitwa Kapona, na watu wazima wenye akili zao.

Yote hayo yangesahihishwa na mtu mmoja aliyekaa pembeni ya kamera, kwa 15,000 ile ile.

Na kwa nini mmempandisha ghorofani? Najua nyumba mliyoichagua, ya zamani, ya mawe ya matumbawe, mlango wa nakshi, roshani inayotazama ghuba. Kwenye picha inapendeza. Lakini nani anamshusha huyu mtu? Anaogaje? Sehemu 8 hakuna anayeuliza. Yuko juu kwa sababu Stewart alikuwa juu, na Stewart alikuwa juu kwa sababu alipanga chumba kile akiwa na miguu yote miwili.

Mngemweka barazani. Mtu wa hali yangu huku kwetu anashinda barazani, na watu wakishamzoea wanasahau kwamba ana macho. Wanasemana mbele yangu, wanapatana bei za mali ambayo si yao, wanapita alfajiri na mzigo uliofunikwa kanga. Zipo ndoa mbili hapa mtaani nilijua zimekufa kabla wenyewe hawajaambiana. Nikisema nimeona, jibu ni lile lile: "Wewe uliyekaa hapo utaona nini?" Hapo ndipo ilipolala hadithi yenu, nanyi mmeiruka. Tena muuaji akitaka kumfikia mtu wa barazani hahitaji kupanda ngazi. Anavuka njia tu, anasema hodi.

3. Kamera yenu ina miguu

Hili ndilo linaloniuma zaidi, hata kuliko spoki.

Dakika za mwanzo kabisa za sehemu ya kwanza mmetuonesha mwenye duka akimkaba mkewe, kwa karibu, na vinanda vya kutisha juu yake. Baada ya hapo wiki saba tunamtazama mtu wa dirishani akijiuliza swali ambalo jibu lake tunalo mfukoni.

Kijana wenu aliyerudisha kiti alinieleza mapema kwamba mtaanza hivyo, na kwamba ndivyo Hitchcock alivyofundisha, bomu chini ya meza. Hilo bomu nalijua. Hitchcock alimweleza François Truffaut, mwongozaji mwenzake wa Ufaransa, kwamba watu wakiwa wanapiga soga mezani na bomu likalipuka ghafla, mtazamaji atashtuka kwa sekunde 15. Ukimwonesha bomu kwanza, atahangaika dakika 15 nzima akitamani kuwaambia wakimbie. Ni kweli tupu. Lakini kwenye hadithi ya dirisha bomu si muuaji. Bomu ni shaka: je, huyu aliyekaa mchana kutwa ameona kweli, au upweke unamtungia hadithi? Kwa Hitchcock, rafiki wa mpiga picha, mpelelezi, hamwamini. Nesi anamgombeza kwa uchunguliaji. Hata sisi watazamaji tunafika mahali tunamwonea haya. Nyinyi mmeliondoa shaka hilo kabla mama hajamaliza kuosha vyombo akaja kukaa.

Hitchcock alijengewa ua mzima ndani ya studio za Paramount, nyumba 31 za kupangisha, na pamoja na gharama yote hiyo kamera yake karibu filamu nzima haitoki chumbani kwa yule mpiga picha. Tunasikia anachosikia: kinanda cha jirani, watoto, magari ya mtaa wa pili. Lisa, mchumba wake, anapovuka ua na kuingia kwa Thorwald, na Thorwald akaonekana anarudi, tunamwona kwa mbali kupitia lenzi. Tungependa kwenda kumtoa. Hatuwezi, kwa sababu aliyeshika lenzi hawezi kusimama. Hofu yote ya filamu ile imefungwa kwenye kiti kimoja.

Kamera yenu inashuka ngazi, inaingia jikoni kwa jirani, inapanda na droni juu ya ghuba kutuonesha mashua, inarudi ikiwa imejua kila kitu. Ghuba yetu ni nzuri, asanteni. Lakini mtu ambaye macho yake yanakwenda popote hajafungwa na kiti. Mlipomwondoa asiyeweza kusimama kwenye kiti, mkamwondoa na nyuma ya kamera, ndiyo maana haogopeshi. Bandani watu walikuwa wanachati.

Msiniambie bajeti haikutosha. Kuiacha kamera ikae mahali pamoja ni rahisi kuliko droni.

4. Jina la mwenye hadithi

Majina ya mwisho nimeyasimamisha kwenye simu nikayasoma moja moja. Palipoandikwa "hadithi" pana jina la mtu wenu. Filamu ya 1954 imetokana na hadithi fupi ya Cornell Woolrich iliyochapishwa mwaka 1942. Kuhusu hadithi hiyo hiyo, mtu aliyenunua haki zake kwa dola 650 baada ya mwandishi kufariki alishtaki, James Stewart mwenyewe akiwa miongoni mwa walioshtakiwa, na mwaka 1990 Mahakama ya Juu ya Marekani ikampa ushindi.

Wanasheria wenu watasema wazo la kumchungulia jirani halina mwenyewe. Wana hoja. Mahakama moja ya New York ilisema karibu hivyo mwaka 2010 juu ya Disturbia, filamu ya 2007 ya kijana aliyefungiwa nyumbani. Ila nyinyi hamkuchukua wazo peke yake. Mmechukua pete ya ndoa. Mmechukua mbwa anayefukua bustani ya maua. Mmechukua hata taa za kamera za kumpofushia muuaji gizani, wakati siku hizi kila mtu ana tochi kwenye simu.

Mimi niliyewahi kuwatilia watu filamu kwenye flashi kwa shilingi 500 sina mdomo mrefu wa kuhubiri hakimiliki. Lakini hata kwenye flashi nilikuwa naandika jina la filamu.

5. Mlinzi

Mlinzi wa kwenye tamthilia yenu: Mmakonde, chale usoni, Kiswahili cha kuvunjika, analala kazini, anachekesha. Mmesafiri zaidi ya kilomita 550 kutoka Dar es Salaam mpaka kwa Wamakonde wenyewe, mkaja na huyo mlinzi ndani ya begi.

Kwa hayo, naomba yafuatayo:

(a) Nilipwe siku 8 za kiti zilizozidi, shilingi 120,000, pamoja na 22,000 za spoki na beringi. Risiti ya fundi ninayo.

(b) Jina la Woolrich liwekwe kwenye kila sehemu mtakayorudia kuionesha.

(c) Mmetangaza msimu wa pili. Usaili wa mwenye kiti ufanyike upya, chini, penye mlango ambao kiti kinapita. Sisemi lazima nichukuliwe mimi. Lindi mjini yuko ndugu mmoja anayeniacha mbali kwa kuigiza. Mkimchukua yeye nitafurahi, na siku mbili tatu nitanuna. Kama mkataba na yule kijana umeshafungwa, basi awepo mmoja wetu pembeni ya kamera, kwa malipo, tangu siku ya kwanza ya mazoezi.

(d) Katika msimu huo, hata kama ni sehemu moja tu, kamera ibaki na mwenye kiti, mwanzo mpaka mwisho. Asichokiona, nasi tusikione. Mjaribu muone kama banda litachati.

(e) Mlinzi apewe jina, na apewe jambo moja aliloliona usiku ambalo hakuna mwingine aliyeliona.

Nasubiri jibu kwa siku 21. Likikosekana, nitaipeleka barua hii na viambatanisho vyake ofisi ya ustawi wa jamii hapa mkoani, ambako, nimeshauliza, ofisi iko chini.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Fundi simu wa barazani,
Mikindani, Mtwara.

Nakala:
Fundi baiskeli aliyeninyooshea spoki: kwa taarifa, na avumilie kidogo.
Mama wa vitumbua, chini ya ngazi: kwa taarifa.
Mwigizaji mkuu: kwa taarifa na salamu. Msimu wa pili avae viatu.